Meza ya Mama Fundi: Kasha la anime likifika, lifungue

Meza yangu iko hapa Tanga, Ngamiani, Barabara ya Nane. Juu yake zimepita deki za kanda, deki za CD, za DVD, na siku hizi mashine za gemu zilizogoma kusoma diski. Barua za mwezi huu nimezichagua zile zilizozungumzia makasha ya wakusanyaji, yaani diski zote za kazi moja na kijitabu chake ndani ya boksi moja, ya anime za zamani, katuni za Kijapani, hasa za saibapanki, hadithi za miji ya kesho iliyoshikwa na mashine na makampuni makubwa. Ni jambo ninalolipenda, na majibu yake yanategemeana, kwa hiyo someni zote hata kama swali si lako.

Shikamoo Mama Fundi. Nimependa saibapanki tangu nikiwa sekondari, na anime niipendayo kuliko zote ni Bubblegum Crisis, ile ya zamani yenye sehemu nane. Zote nimeziona kwenye simu, faili za kurushiana na rafiki zangu. Mjomba wangu anaishi Minneapolis, Marekani, Disemba anakuja likizo, na ameniambia nimwagize zawadi moja. Nataka kasha la Blu-ray la wakusanyaji. Rafiki zangu wanasema napoteza bahati, kitu chenyewe kipo bure. Mmoja anasema nikilipata nisitoe nailoni, nilifiche kabatini lipande bei. Na nyumbani tuna deki ya DVD tu. Nishauri.
*Kijana wa Chumbageni*

Marahaba mwanangu. Mwagize mjomba, na kasha likifika lifungue siku hiyo hiyo, yeye akiwa bado yupo nyumbani kwenu.

Rafiki zako wanaosema kipo bure hawajui kazi hii ilizaliwaje. Bubblegum Crisis haikutengenezwa kwa ajili ya kituo cha televisheni, wala ukumbi wa sinema. Miaka ya themanini deki za kanda zilikuwa zimeshaingia majumbani mwa Wajapani, na kuanzia 1983 watengenezaji wa katuni wakaanza kutoa kazi za kumuuzia mtazamaji moja kwa moja. Sehemu ya kwanza ya Bubblegum Crisis ilitoka Februari 1987, ya nane Januari 1991, kwa kanda na kwa LaserDisc, ile diski ya sentimita 30, upana wa santuri. Ndiyo maana sehemu zake hazilingani urefu. Ya pili na ya tatu ni nusu saa hivi, za mwisho zinakaribia saa nzima. Hapakuwa na bwana wa televisheni wa kusema kata hapa tuweke tangazo. Hadithi ilikwenda mpaka ilipoishia.

Na mnunuzi alikuwa ametoa pesa yake. Angeweza kurudisha nyuma, angeweza kusimamisha picha na kuitazama atakavyo, na wachoraji walilijua hilo. Jaribu mwenyewe. Simamisha popote pale Priss, mmoja wa wale wanawake wanne wapiganaji wa hadithi hii, anapokuwa ndani ya lile vazi lake la chuma, utazame maungio ya vidole na mwanga wa taa za mjini unavyoteleza kwenye kofia. Kwenye simu yako sehemu hiyo ni doa la buluu. Mtu alikaa na brashi akaipaka rangi.

Hapo sasa tuingie kwenye ufundi. Picha hizi zilipakwa rangi kwa mkono kwenye plastiki angavu, moja moja, zikawekwa juu ya mandhari iliyochorwa, kisha zikapigwa kwa kamera ya filamu. Filamu hubeba mengi kuliko yale ambayo kanda, au hata DVD, iliweza kuyaonyesha. DVD ya Marekani ina mistari 480 ya picha. Blu-ray ina 1080, na diski yake ya tabaka mbili inabeba GB 50 wakati DVD ya tabaka mbili haifiki hata GB 9. Faili za kurushiana zimeminywa ili zienee kwenye fleshi, na kinachoharibika kwanza zikiminywa ni giza. Hadithi hii ni ya usiku! Ni Tokyo ya mwaka 2032, jiji lililojengwa upya baada ya tetemeko kubwa, kampuni ya Genom imelishika koo, na maroboti yake ya Boomer yakichachamaa polisi hawayawezi. Sehemu ya kwanza inafunguka na Priss yuko jukwaani anaimba, huku nje kwenye giza Boomer linavunja mji. Ukiitazama kwenye faili iliyominywa, anga la usiku linakuwa vipande vya mraba vyeusi na vya kijivu. Kwenye diski nzuri giza lina tabaka. Unaona jengo nyuma ya jengo.

Wimbo ule anaouimba unaitwa Konya wa Hurricane. Aliyeuimba ni Kinuko Omori, na ni yeye huyo huyo anayesema sauti ya Priss. Usikilize kwa spika, si kwa ile ya simu.

Nikueleze na jinsi anime hii ilivyofika kwenye Blu-ray huko Marekani, maana inamhusu kila mtu anayesema kipo bure. Kampuni ya AnimEigo, iliyoanzishwa 1988 na Robert Woodhead pamoja na Roe Adams, ndiyo iliyoipeleka Marekani tangu enzi za kanda, ikiwa na sauti ya Kijapani na tafsiri ya maandishi chini ya picha, bila kuikatakata. Ni kampuni ndogo. Mwaka 2013 walipotaka kutoa Blu-ray waliwaendea wapenzi wa kazi hiyo kupitia Kickstarter, tovuti ya kuchangisha pesa. Watu wengi wakatoa kwa jumla zaidi ya dola 150,000 kabla diski haijapigwa chapa, kama tunavyochangia harusi kabla ya ndoa kufungwa. Bila watu hao, huenda hata lile faili safi alilonalo rafiki yako lisingekuwepo, maana lilinakiliwa kutoka kwenye diski iliyolipiwa na mtu.

Sasa ile habari ya nailoni. Aliyekushauri ufiche kasha anafikiria bei, mimi nafikiria hewa. Sisi tunaishi na bahari mlangoni. Karatasi ya kasha na kijitabu hunywa unyevu, nailoni au hakuna nailoni, maana nailoni ile imetobolewa matundu madogo ya kutolea hewa ilipokuwa inafungwa kiwandani. Ukungu unaingia na wewe huuoni. Mchwa wanaingia na wewe huwaoni. Juu ya hayo, kasha lililofungwa linaweza kuwa na kasoro tangu kiwandani: diski moja imerudiwa mara mbili na nyingine haimo, au imechubuka kwa kuchomoka kwenye kishikio njiani. Mambo hayo hutokea. Ukiyagundua mjomba angali hapa, atarudi na diski mbovu kule alikonunua apewe nyingine. Ukiyagundua baada ya miaka mitano, una karatasi nzuri tu. Kwa hiyo fungua, hesabu diski, zipitishe zote mwanzo mpaka mwisho wiki ile ile. Nailoni itupe.

Kuhusu deki, deki yako ya DVD haitaisoma Blu-ray hata ukiibembeleza. Inatumia mwanga mwekundu, Blu-ray husomwa kwa mwanga wa zambarau wenye wimbi fupi zaidi, na alama zilizomo kwenye diski ni ndogo mno kwa lenzi yako. Unahitaji mashine nyingine, na hapo kuna mitego miwili.

Wa kwanza ni kanda za dunia, yaani maeneo ambayo diski inaruhusiwa kuchezwa. Blu-ray zimegawanywa A, B na C. Marekani na Japani ni A. Sisi Afrika tuko B pamoja na Ulaya na Mashariki ya Kati. Diski iliyofungwa kwa A haitaanza kwenye mashine ya B. Zipo kampuni nyingi zinazotoa diski bila kufuli lolote, kwa hiyo kabla ya kulipa mwambie mjomba ageuze kasha, atafute alama ndogo ya pembe sita mgongoni. Ikiwa na herufi A, B na C zote, huna shida. Ikiwa na A peke yake, mashine nayo iwe ya A. Mashine nyingi za gemu zinazouzwa mjini zimepitia Dubai, na hizo kwa Blu-ray ni B. Usimwamini muuzaji anayekwambia PlayStation inasoma kila kitu. Gemu za PS3 na PS4 zinavuka mipaka, ila filamu za Blu-ray ndani ya mashine hizo hizo hazivuki.

Wa pili ni umeme, na huu unaunguza. Mjomba akikununulia mashine huko huko, asome kibandiko cha nyuma. Ikiandikwa 100–240V, ilete. Ikiandikwa 120V peke yake, ukiichomeka kwenye 230 za kwetu utasikia mlio, kisha harufu, kisha utaniletea mimi na nitakupa pole tu. Kifaa kinachotumia umeme wa USB, yaani kisoma Blu-ray cha kuchomeka kwenye kompyuta, hakina tatizo hilo na kinaingia kwenye begi la mkononi. Kinahitaji programu ya kuchezesha, na programu hiyo mjomba ainunue pamoja nacho. Kwa hali yako ningechukua njia hiyo, kisha kompyuta uiunganishe na TV kwa waya wa HDMI.

Na kama badala ya kuja nalo ataamua kulituma kwa posta, jiandae kwa kodi. VAT ni asilimia 18, na haihesabiwi kwenye bei ya kasha peke yake. Inahesabiwa kwenye bei, nauli na bima, ushuru ukiwa umeshaongezwa. Bora aje nalo kwenye begi.

Mama Fundi, habari za kazi? Nimenunua kasha la DVD la Bubblegum Crisis kwa mfanyabiashara wa hapa mjini, la mtumba, ameniambia ni la asili kutoka Marekani. Nikiwasha, picha inakuwa na chengachenga, kama mchanga unachezacheza juu ya nyuso za watu. Nimeuziwa feki?
*Dada wa Makorora*

Nzuri mdogo wangu. Chengachenga hazitoshi kusema ni feki. Tena huenda ndizo dalili njema. Filamu imetengenezwa kwa chembe, na chembe hizo zinaonekana picha ikikuzwa. Zinabadilika kila picha inapobadilika, ndiyo maana unaziona zinacheza. Zimo kwenye kazi yenyewe. Wapo watoaji wanaozifuta kwa kompyuta ili picha ing'ae, na mashine inayofuta chembe haijui tofauti ya chembe na mstari mwembamba wa kalamu. Nywele zinageuka kuwa kipande kimoja, mvua inapotea. Nikipewa kuchagua kati ya diski yenye mchanga na diski iliyosuguliwa mpaka ikawa plastiki, nitachukua ya mchanga kila siku. Ila nenda kwenye mipangilio ya TV yako, punguza ile inayoitwa ukali wa picha. TV zetu zinatoka dukani ukali ukiwa juu kabisa, na huo ndio unaofanya kila chembe ionekane kama punje ya chumvi.

Ufeki utauona kwingine. Geuza diski uitazame chini. Diski iliyopigwa chapa kiwandani ina rangi ya fedha, pengine yenye dhahabu kidogo ikiwa ni ya tabaka mbili. Iliyochomwa kwa kompyuta ina uzambarau. Tazama na pete ya ndani kabisa karibu na tundu: ya kiwandani ina maandishi madogo yaliyochorwa kwenye plastiki yenyewe, na mara nyingi utakuta herufi IFPI. Halafu piga hesabu. Sehemu zote nane kwa jumla zinapita saa tano. Ukikuta zimesongamanishwa kwenye DVD moja, kuna mtu aliyezisongamanisha, na hakuwa AnimEigo.

Kama ni la Marekani kweli, mara nyingi litakuwa na alama ya dunia yenye namba 1 mgongoni. Afrika yetu hii kwa DVD ni namba 5. Ikiwa lina namba 1 na deki yako inalisoma bila kulalamika, deki hiyo ilifunguliwa kufuli na mtu kabla yako. Itunze.

Dada, mimi ni mama wa watoto watatu, Pangani. Kijana wangu wa miaka 11 amesikia kwa wakubwa habari za hizi katuni za maroboti na anataka kaka yake amletee. Zinamfaa?

Hazimfai, dada yangu. Kuitwa katuni kusikudanganye. Bubblegum Crisis ina damu, ina watu wanaokufa vibaya, na ina wanawake wanaoonyeshwa bila nguo mahali ambapo mimi mwenyewe nimeona hapakuhitajika. Subiri afike miaka 16 au 17, kisha mtazame pamoja. Soma nyuma ya kasha lolote kabla hujalipa. Umri umeandikwa, na waliouandika wameitazama kazi yenyewe.

Mwanangu, mimi ni mstaafu, naishi Raskazone. Kijana wangu amekwenda masomoni Uturuki akaniachia kabati zima la diski za anime. Kwa upweke nimeanza kuzitazama, na nimenaswa na Ghost in the Shell: Stand Alone Complex, hasa vile vigari vya buluu vinavyofikiri na kuulizana maswali kama watoto wa madrasa. Sasa juzi nimekuta ukungu kwenye diski mbili na kijitabu kimejikunja. Sitaki kijana arudi akute nimemharibia. Nifanyeje?

Shikamoo mzee wangu. Nimefurahi mno kwa barua hii. Vigari hivyo vinaitwa Tachikoma, na umeshika penyewe: maswali mazito ya hadithi ile ya mwaka 2002 waandishi wameyatia vinywani mwa Tachikoma. Endelea, sehemu ziko 26 katika msimu wa kwanza na vigari vyako hutavipa kisogo.

Tuokoe diski kwanza. Chukua diski kwa kingo, usiguse uso wake. Iinue mbele ya taa uitazame kwa kupenyeza. Ukiona vitundu vidogo vya mwanga kama nyota ambavyo havifutiki, unyevu umeshafika kwenye tabaka ya ndani inayong'aa na umeila. Hapo hakuna fundi wa kurudisha. Kama haina vitundu, ukungu uko juu ya plastiki tu, na huo unatoka. Osha kwa maji safi yaliyochemshwa yakapoa, na tone moja la sabuni ya vyombo. Maji ya bomba yenye chumvi yanaacha madoa. Pangusa kwa kitambaa laini cha pamba kutoka katikati kwenda nje, mstari ulionyooka, kama miale ya jua. Usizungushe. Mkwaruzo uliozunguka unafuata njia ya data na lenzi inapotea, wakati mkwaruzo uliokatisha mashine inaurukia. Petroli, thina na dawa ya kuondoa rangi ya kucha visikaribie kabisa. Plastiki ile hupauka palepale na haisomeki tena.

Ukiitoa diski kwenye kishikio, bonyeza kwanza kile kitufe cha katikati. DVD ni mabamba mawili yaliyogundishwa na data iko katikati yake. Ukiivuta kwa nguvu ikajikunja, gundi inaachia. Blu-ray imejengwa tofauti: data iko chini tu ya uso, sehemu ya kumi ya milimita, ndiyo maana wameipaka ngozi ngumu. Haikwaruziki kirahisi, ila ikikwaruzika kwa kina ndiyo basi.

Kabati lenyewe ndilo lenye kosa, mzee. Kama limegusana na ukuta wa upande wa bahari, lisogeze, liachie nafasi ya kiganja nyuma hewa ipite. Diski zisimame wima, zisilazwe moja juu ya nyingine. Tia vile vifuko vidogo vya chembe za kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya viatu na mikoba mipya, na uvibadilishe masika yanapoanza. Mchele usiweke kamwe, utaleta fukusi na panya. Siku za kaskazi, jua linapokuwa kali na hewa kavu kidogo, fungua milango ya kabati asubuhi, ila jua lenyewe lisizipige diski. Kijitabu kiweke katikati ya karatasi nyeupe kavu, juu yake kitabu kizito, kwa siku kadhaa. Hakitanyooka kabisa, lakini kitafungika.

Na kama chumbani kuna kiyoyozi na deki iko sebuleni kwenye joto, usitoe diski kwenye ubaridi ukaitia moja kwa moja. Inatoka jasho, na jasho lile linahamia kwenye lenzi. Iache itulie mpaka ilingane na joto la sebule. Lenzi nyingi ninazozisafisha mimi hapa zimekufa kwa unyevu na vumbi kuganda pamoja.

Kijana akirudi akakuta baba yake anazijua sehemu zote 26, sidhani kama atauliza habari ya ukungu.

Dada Fundi, salaam. Nina kibanda umiza. Vijana wengi siku hizi wanauliza anime. Nikinunua kasha la asili, si nitakuwa huru kuonyesha kwa kiingilio? Nimelipia.
*Ngamiani*

Salaam kaka. Hapana. Umelipia diski ya kutazama nyumbani. Kuwakusanya watu na kuwatoza kiingilio ni haki nyingine, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inailinda hata kama mwenye kazi yuko Tokyo. Ruhusa ya kuonyesha hadharani inaombwa kwa mwenye haki, na maonyesho ya filamu yana taratibu za Bodi ya Filamu pia. Najua vibanda vingi haviyafuati hayo. Umeniuliza, nami nimekujibu. Kuwaalika jamaa na marafiki sebuleni kwako bila kutoza senti ni jambo jingine, na kama kati yao yupo anayejua Kiingereza vizuri awatafsirie wengine papo hapo, mtafurahi mno, maana diski hizi zina Kijapani na Kiingereza, Kiswahili hakimo.

Shikamoo Mama Fundi. Mimi ni msichana wa Korogwe, nachora, na nataka nije niandike hadithi zangu za picha. Nimemaliza sehemu ya nane ya Bubblegum Crisis nikabaki nimeshika kichwa. Haijaisha! Je, kuna kasha lenye sehemu zilizobaki? Nimeona majina mengine yanayofanana nalo nikachanganyikiwa.

Marahaba binti yangu. Hakuna, na inaniuma kukuambia. Mpango wa awali ulikuwa sehemu 13. Kampuni zilizoshirikiana kuimiliki, Artmic na Youmex, zikaingia kwenye mgogoro wa haki, na kazi ikakatika kwenye ya nane. Artmic yenyewe ilifilisika 1997. Sehemu tano ambazo hazikutengenezwa haziko kwenye kasha lolote, na mtu akikuuzia "toleo kamili la sehemu 13" mrudishie.

Hayo majina mengine ni haya. AD Police Files ya 1990 ina sehemu tatu, inatangulia hadithi hii na inawahusu polisi wanaopambana na Boomer. Ina ukatili mwingi, ngoja kwanza. Bubblegum Crash ya 1991 ina sehemu tatu na ndiyo iliyo karibu zaidi na mwendelezo, wanawake ni wale wale, ingawa mkono wa uchoraji umebadilika na utauona mara moja kwa kuwa wewe ni mchoraji. Bubblegum Crisis Tokyo 2040, iliyoanza kurushwa 1998, ina sehemu 26 na inaisimulia hadithi upya tangu mwanzo kwa sura nyingine. Ni nzuri kwa namna yake, lakini usiinunue ukidhani ni jibu la yale uliyoachiwa hewani.

Kwa kazi unayotaka kuifanya, rudi kwenye hizo nane na uzitazame kwa kalamu mkononi. Zina waongozaji tofauti, na kasha linakuwezesha kuwaweka bega kwa bega: tatu za mwanzo ni za Katsuhito Akiyama, ya nne ni ya Hiroki Hayashi, ya tano na ya sita Masami Obari, ya saba Fumihiko Takayama, ya nane Hiroaki Goda. Sura za wahusika zilibuniwa na Kenichi Sonoda. Tazama jinsi Obari anavyochora chuma kinavyosogea, kisha uangalie ya nne, hadithi ya mwanaume na gari lake la kisasi, barabara inavyopewa nafasi kuliko watu. Makasha ya wakusanyaji kwa kawaida hutia michoro ya awali kwenye kijitabu au kwenye diski. Kwako wewe hiyo ni shule, inunue hata kabla ya meza ya kuchorea.

Na hiyo ya nane usiitazame kama hadithi iliyokatwa tu. Inamfuata Lisa, msichana mwenye kamera anayetaka kuwafichua wale wanawake wanne, na Nene, mdogo wao kuliko wote, ambaye sehemu saba zilizopita alikuwa zaidi nyuma ya kompyuta za polisi. Humo ndimo Nene anapopewa hadithi yake. Ichore sehemu ya tisa unavyoiona wewe, uniletee nikiwa mezani, au nitumie kwa basi la Korogwe. Nitailipia nauli.